Kula polepole baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: kuhesabu, kipima muda, kijiko kidogo au vijiti?

Zamu_ya_Usiku
Habari za humu ndani. Leo natimiza wiki saba tangu nifanyiwe slivu, ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo. Vidonda vimepona, uzito unashuka, vitamini nameza kila asubuhi bila kukosa. Kinachonishinda ni kula taratibu. Kazi yangu ni ya zamu, na kwa miaka mingi nimekula nimesimama, sikio moja likisikiliza nani ananiita. Sahani nzima ilikuwa haimalizi dakika tano. Sasa naambiwa yai moja nilile kwa dakika 20.

Juzi nilikiona cha moto. Yai la kukoroga, tonge la tatu tu, nikahisi kitu kimesimama katikati ya kifua kama nimemeza kokoto. Kisha yakaja mate: mazito, ya povu, hayamezeki na hayaishi. Nilikaa bafuni dakika 40 nimeinamia sinki mpaka kikashuka chenyewe.

Nimekusanya mbinu nne: kuhesabu matafuno hadi 25 au 30, kuweka kipima muda kwenye simu ili kila dakika iwe na tonge moja, kutumia kijiko cha mtoto mchanga, na kula kwa vijiti vya Kichina. Kwa mliojaribu zaidi ya moja, ipi ilidumu? Na jamani, asije mtu na "haraka haraka haina baraka". Nimeshaambiwa na kila aliyekuja kunijulia hali.

Kijiko_Kidogo
Pole sana mwenzangu. Hayo mate ya povu tunayajua wengi humu, hayazoeleki. Mimi ni baipasi, yaani tumbo langu lilifanywa kifuko kidogo kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo; huu ni mwaka wa nne.

Nilianza na kuhesabu kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa siku ya kutoka hospitali. Ilinifanya nichukie kula. Nikifika 14 mtu ananisemesha, nasahau, naanza upya, chakula kimeshakuwa uji mdomoni. Wiki ya tatu nikaacha.

Kilichonisaidia ni ukubwa wa tonge, basi. Lisizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kifuko cha baipasi mwanzoni kinabeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Ukichota kijiko kikubwa kikajaa, nusu ya nafasi umeshaimaliza kwa mkupuo mmoja, hata kama umetafuna mara mia. Kijiko cha mtoto hakikupi nafasi ya kukosea hapo.

Kasoro yake ipo: kijiko kidogo ukikiendesha mbio kinageuka koleo. Nimewahi kukwamwa nikiwa nacho mkononi.

Saa_ya_Mchanga
Mimi natetea kipima muda, ila si cha kila tonge. Hicho kinacholia kila dakika nilikitupa siku ya pili, nilijiona kama niko kwenye mtihani. Ninachofanya ni kuweka alama mbili tu: dakika 20 na dakika 30. Kabla ya 20 simalizi. Ikifika 30 nasimama, hata kama kimebaki.

Ya kwanza ina sababu yake: taarifa za shibe zinazopitia kwenye homoni za utumbo huchukua kama dakika 20 kufika kichwani. Anayekula kwa dakika tano ameshavuka mpaka kabla hajaambiwa kwamba kuna mpaka. Ya pili watu wengi huisahau. Ukijiachia saa nzima, chakula cha mwanzo kinakuwa kimeshaanza kushuka, unapata nafasi ya kuongeza, na hapo hauli tena polepole, unadokoa. Kudokoa kutwa nzima ndiko kunakorudisha kilo kimyakimya. Mimi zilinirudia sita mwaka wa pili kwa namna hiyohiyo, huku nikijisifu kwamba nakula taratibu.

Bi_Subira
Vijiti nilivitumia miezi mitatu. Mwanzoni vilikuwa dawa kabisa, chembe moja moja, nusu ya muda naokota vilivyodondoka. Tatizo nikawa fundi. Mwezi wa nne nilikuwa nakula kwa vijiti kwa kasi ileile ya uma, na wanangu wakaniomba niwafundishe 😂. Halafu chakula laini cha wiki za mwanzo utakishikaje kwa vijiti? Kwa wiki ya saba ni mapema.

Zamu_ya_Usiku
Asanteni. Swali moja: mnajuaje kwamba imetosha? Shibe ya zamani, ile ya tumbo kujaa na kulegeza mkanda, siisikii. Naruka kutoka "bado" hadi kwenye maumivu.

Kijiko_Kidogo
Pua. Inaanza kuchuruzika ghafla, bila mafua.

Bi_Subira
Kwikwi. Moja tu. Nikiipuuza, tonge linalofuata linarudi.

Saa_ya_Mchanga
Mimi huvuta pumzi ndefu bila kukusudia. Mke wangu ndiye aliyeigundua, sasa akiisikia anaondoa sahani yangu hata sijasema kitu.

Nesi_Mstaafu
Naomba niingilie, maana mnashindanisha mbinu za mkono na mdomo wakati mara nyingi kosa liko kwenye chakula chenyewe. Katika slivu sehemu kubwa ya tumbo imeondolewa, kama asilimia 75 hadi 80, na kilichobaki ni mrija mwembamba. Kitu kikavu au chenye nyuzi hakipiti vizuri hapo. Kuku wa jana aliyepashwa moto amewakwamisha watu wengi kuliko haraka. Yai likikaangwa hadi likakauka ni hivyohivyo. Ndugu Zamu_ya_Usiku, yai lako lilikuwaje?

Jambo la pili ni maji. Wengi wakikwamwa wanakimbilia glasi ya maji wasukumie. Msifanye hivyo, mnaongeza juu ya kilichoziba. Vinywaji vikae mbali na mlo, na baada ya kula subirini walau nusu saa.

Nawe Kijiko_Kidogo, kwa watu wa baipasi kuna kitu ambacho kula polepole pekee hakukizuii: vitu vitamu. Hakuna tena ule mlango wa chini wa tumbo wa kuvizuia, vinamwagika kwenye utumbo, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota. Usile keki kwa dakika 25 ukadhani umejikinga.

Na hili si la kulinganisha na lingine lolote: kama hata maji hayapiti, piga simu kwa timu iliyokupasua siku hiyohiyo. Kutapika kunakoendelea kwa siku kadhaa si jambo la kuvumilia. Mwili unaishiwa vitamini B1 haraka, na upungufu wake unaharibu neva.

Zamu_ya_Usiku
Shikamoo. Yai lilikuwa kavu, nakiri. Nililisahau jikoni.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Nilijua.

Zamu_ya_Usiku
Siku tisa baadaye, nimerudi na majibu. Kuhesabu: siku mbili, nimeshindwa, Kijiko_Kidogo alisema kweli. Alama mbili za dakika: zimenifaa, hasa ile ya 30. Kijiko cha mtoto: nimekinunua, kina picha ya bata, nakitumia bila aibu.

Lakini kuna nililoligundua ambalo halikuwa kwenye orodha yangu. Jumapili nilijirekodi kwa simu nikila, nikajitazama. Kumbe tatizo langu ni kijiko kinachofuata. Tonge la kwanza bado liko mdomoni, mkono umeshachota la pili na umelishika hewani, karibu na kidevu, unasubiri. Na mdomo ukiona kinachosubiri unameza ili kuupisha. Dakika zote zile nilizodhani natafuna, nilikuwa nafungua njia.

Sasa naweka kijiko chini, juu ya leso, mikono yote miwili magotini. Sichoti mpaka mdomo uwe mtupu kabisa. Siku ya kwanza mikono ilikuwa inawasha, nisiwadanganye. Ikabidi nikalie mmoja.

Saa_ya_Mchanga
Hii ya kujirekodi nimeijaribu usiku huu. Nimeifuta kabla mke wangu hajaiona.

Bi_Subira
Ukiwa na watu mezani unafanyaje? Mimi nikiweka kijiko chini tu, naulizwa kama chakula kibaya.

Zamu_ya_Usiku
Bado sijapata jibu. Kwa sasa naanza kula mapema kidogo kabla yao, ili wakikaa wanikute katikati. Zamuni ndiyo ngumu zaidi. Nimeomba mapumziko yangu ya dakika 15 mara mbili yaunganishwe yawe moja ya nusu saa, nasubiri jibu.

Leo mchana nimekula samaki. Dakika ya 24 pua ikaanza kuchuruzika. Yalibaki matonge mawili, nimeyafunika nikayaweka kwenye friji.

Nesi_Mstaafu
Samaki alikuwa na mchuzi?

Zamu_ya_Usiku
Alikuwa nao.