Natengenezewa gitaa la kumkumbuka D.O. Misiani, niweke piki-ap gani?

Ja_Seme:
Wadau habari za jioni. Niko Kisumu. Nimeamua kutengenezewa gitaa la umeme la kumkumbuka D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, si la dukani, la kuchongwa kabisa. Mzee alifariki kwa ajali hapa hapa Kisumu Mei 2006 na nataka likifika Mei liwe linalia. Neki (shingo ya gitaa) nimenunua ikiwa tayari na freti zake, vile vyuma vinavyoikatiza, bodi anafanya fundi mmoja pale Kibuye, mbao iko. Sasa nimekwama kwa piki-ap, ile sumaku inayonasa mlio wa nyuzi: singo koili (ya koili moja) ama hambaka (ya koili mbili)? Na rangi, nipake ama niache mbao ionekane? Fundi anaanza kuchimba mashimo Jumatatu na mimi usingizi umenipotea. Naombeni msaada.

Bazu_wa_Migosi:
Si Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania? Basi hilo gitaa likikamilika lipelekwe Isebania pale mpakani likatwe katikati, kila nchi ichukue nyuzi tatu 😂

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana nimefurahi sana kuona bado mnamkumbuka. Watu hawaelewi kwamba benga ni nyatiti iliyohamia kwa gitaa, nyatiti, ile ala ya Waluo, ina nyuzi nane na mchezaji anaipiga huku akiimba, ndiyo maana kwa benga sauti ikinyamaza gitaa linaijibu, kama watu wawili wanabishana. Mimi mwaka wa 1983 nilikuwa nafundisha karibu na Ahero, nikasikia kuna bendi inapiga Jumamosi, nikamwambia mke wangu naenda kusahihisha mitihani. Nilirudi Jumatatu. Tulikuwa na wiki mbili za ndoa. Mpaka leo nikisema nina mitihani ya kusahihisha anacheka tu anaondoka. Nunua gitaa la kawaida la sanduku, umeme utapotea ukiwa katikati ya wimbo.

Fundi_Nyalenda:
Singo koili. Benga inataka sauti nyembamba inayokata, zile nyuzi za chini zisikike moja moja. Hambaka ni koili mbili zinazofuta mngurumo wa stima, sauti inakuwa nene, tamu, lakini vidole vikikimbia inakuwa uji. Mngurumo utauzoea. La muhimu zaidi ni huyo fundi wako. Amewahi kutengeneza gitaa? Pima kutoka nati (pale nyuzi zinaanzia juu ya neki) hadi freti ya 12, urefu huo huo urudie kutoka freti ya 12 hadi pale nyuzi zinakalia breji. Kama neki ni ya inchi 25 na nusu basi kila upande ni inchi 12 na robo tatu. Akikosea hapo hata upige vipi halitakubaliana na wenzake. Na hiyo mbao ni gani, imetoka wapi?

Ja_Seme:
Asante sana fundi. Huyu wa Kibuye ni wa vitanda na kabati lakini mkono wake ni safi, nimemchorea kila kitu kwa karatasi. Mbao ni mvule. Ya nyumbani.

Fundi_Nyalenda:
"Ya nyumbani" si jibu. Mti umekatwa lini? Na hii hewa ya ziwa, mbao mbichi ikishika umbo leo kesho imepinda.

Ja_Seme:
Haiwezi kupinda, imekauka zaidi ya miaka 40.

MamaTano_Kondele:
Imekaukia wapi hiyo miaka yote?

MamaTano_Kondele:
Ja_Seme nakuona uko mtandaoni. Imekaukia wapi?

Ja_Seme:
Ni mlango.

Bazu_wa_Migosi:
MLANGO 😂😂😂 wa nani buda

Ja_Seme:
Sikutaka kuleta haya maneno hapa kwa sababu najua watu. Ni mlango wa nyumba ya baba huko Seme. Baba tulimzika, mama anakaa Nakuru kwa dada yangu, nyumba imefungwa tu. Yeye ndiye alinifundisha Misiani. Jumapili alikuwa anaweka keseti, anavuta kiti pale mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na anagonga mlango kwa kidole akifuata besi. Mpaka pale alipokuwa anagonga pamelainika. Sasa niambieni mbao gani nyingine ningetumia. Na pia mchwa walikuwa wameanza kuula, ungeoza bure. Nimeziba na mabati, hakuna mtu ataibiwa.

MamaTano_Kondele:
Aki pole kwa baba. Lakini ndugu zako wanajua? Mama anajua? Mlango wa marehemu unang'olewa hivyo tu kama wa choo? Kwetu hata ukitaka kuchukua jembe la mzee unaita watu mnakaa chini. Hukuhitaji ushauri wa gitaa wewe.

Ja_Seme:
Mama nakusikia, lakini swali lilikuwa piki-ap. Kaka mkubwa yuko Mombasa anarudi Pasaka, nitamweleza uso kwa uso, hii si ya simu. Na mtaji ni wangu, sijamuomba mtu hata shilingi.

Shem_wa_Kakamega:
Mimi ningesema uweke hambaka. Pia baba mkwe wangu alikuwa na redio ya mbao...

Fundi_Nyalenda:
Ngojeni kwanza. Nimefanya mbao tangu nimalize shule na hii hadithi inanikwaruza. Moja, mchwa hawagusi moyo wa mvule, ndiyo maana wazee waliutumia kwa milango na mashua. Mbili, bodi ya gitaa ni unene wa inchi moja na robo tatu na upana kama inchi 13. Paneli ya mlango ni robo tatu. Hakuna mlango unaotoa bodi nzima. Huyu jamaa anatuandikia sinema.

Bazu_wa_Migosi:
Hekaya! Nilijua kwa kile kidole kinachogonga besi. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa matatu watu wakiniangalia, nirudishie machozi yangu.

Mwalimu_Mstaafu:
Mimi naamini. Mtu hawezi kutunga mguu mmoja ndani mmoja nje.

Ja_Seme:
Sawa. Mchwa hawakuwepo. Mlango ulikuwa mzima.
Na fundi umesema kweli, paneli moja haitoshi. Alizipiga randa kwa ndani kwanza, halafu tukagundisha tatu, moja juu ya nyingine, mpaka unene ukafika. Mlango wa mbele ulikuwa na paneli mbili. Kwa hivyo nilirudi nikachukua na ule wa jikoni.

MamaTano_Kondele:
Milango MIWILI

Bazu_wa_Migosi:
Sasa hiyo si nyumba, ni kivuko. Picha au hatukuamini.

Ja_Seme:
[picha] Hiyo ni nyuma ya bodi. Hapo kona mnaona namba ya sensa ya 2019, waliandika kwa kalamu nyeusi kwenye mlango wa mbele. Nimemkataza fundi asiifute na msasa. Pale palipolainika nimepaweka upande wa juu, mkono utakuwa unakalia hapo.

Fundi_Nyalenda:
Nimeona. Gundi imeshika vizuri, mistari haijaachana. Naomba radhi. Usipake rangi basi, paka mafuta tu.

MamaTano_Kondele:
Namba ya sensa. Yaani serikali inajua hiyo nyumba ina mlango na wewe unajua haina. Piga simu kwa mama yako leo, usingoje Pasaka.

Shem_wa_Kakamega:
...hiyo redio ya baba mkwe mpaka leo wanaigombania mahakamani.

Ja_Seme:
Jirani alipita akaona mabati. Kaka amepiga mara tatu tangu saa mbili, sijashika. Fundi naye anauliza aanze kuchimba ama asubiri. Nimemwambia achimbe, singo koili mbili.

Fundi_Nyalenda:
Mwambie aende polepole, mvule huwa na vijiwe ndani, vitamvunjia biti. Na avae kitambaa puani, vumbi lake linawasha.