Wauza vyungu vya bonsai visivyo na tundu, mmeniulia mkwaju wangu wa miaka tisa!

Wakuu, salaam. Nimekaa wiki mbili nikisema hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Niko Mtwara mjini, Shangani. Mkwaju wangu wa bonsai, yaani mti unaofugwa uwe mdogo ndani ya chungu, niliuotesha mwaka 2016 kwa kokwa niliyookota uani kwa bibi, Mikindani. Nimeupogoa mizizi, nimeuzungushia waya, nimeupunguza matawi mwaka hadi mwaka, mpaka ukawa mti mzima wenye kimo cha dhiraa moja na shina nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Muda wote huo uliishi kwenye beseni la plastiki nililolitoboa kwa msumari wa moto. Beseni baya, limepauka, na halikuudhuru hata siku moja.

Hela ya korosho ilipoingia nikasema mti huu sasa umestahili chungu chake. Nikaagiza vitatu kwa muuzaji wa Dar anayejitangaza mtandaoni kwamba anauza "vyungu vya bonsai, kauri halisi". Elfu 45 kimoja, nauli ya basi juu yangu. Picha zake zote zilipigwa kwa juu na kwa ubavuni. Kufungua boksi, nakipindua cha kwanza: kitako kizima, hakina tundu la kutolea maji, laini, kinang'aa kama sahani ya pilau. Cha pili vile vile. Cha tatu vile vile.

Nampigia simu, ananijibu bila wasiwasi wowote: "Dada, weka kokoto chini, maji yatakaa kwenye kokoto, mizizi haitaguswa. Ukitaka tundu, fundi yeyote wa mtaani anatoboa kwa dakika mbili."

Yote mawili ni uongo, na yote mawili nimeyalipia.

Kokoto kwanza, maana hili naliona linarudiwa kila mahali na watu wanaliamini. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto eti kwa sababu chini kuna nafasi. Udongo unayang'ang'ania mpaka ujae kabisa, ndipo yadondoke. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kuchuruzika. Sasa isimamishe wima. Itachuruzika tena. Sponji ni ile ile, maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo tu. Sasa chungu changu hiki cha bonsai kina kina cha sentimita saba. Ukijaza kokoto sentimita mbili, udongo wako umebaki na kimo cha sponji iliyolala, na ile sehemu yenye maji umeisogeza juu, karibu zaidi na mizizi. Hapo hata tundu lingekuwepo kokoto zisingesaidia kitu. Na tundu lenyewe halipo! Yakishuka yanakwenda wapi?

Moyoni nilikuwa na shaka, lakini yule mtu aliongea kama anayejua. Nikapanda. Desemba mvua zikaanza, siku tatu mfululizo, na chungu kiko barazani ukingoni, kinapata matone yote ya bati.

Wanaofuga mkwaju wanajua: jioni unakunja vijani vyake, asubuhi unavifungua. Wangu ukaanza kuvifungua nusu. Kisha ukawa haufungui. Kisha manjano, kisha vijani vinamwagika mezani ukiugusa tu. Nilipoung'oa harufu ilikuwa ya mtaro. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili, nikavuta, ngozi yake yote ikavuliwa kama soksi, mkononi kikabaki kiuzi. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ikizama siku nyingi inakufa, kisha inaoza. Nikakwangua shina kwa ukucha nikitafuta rangi ya kijani, dalili kwamba bado lina uhai. Nimekwangua mpaka chini. Kahawia tupu.

Miaka tisa.

Cha pili nikampelekea huyo "fundi yeyote". Kijana anatoboa kuta za nyumba kila siku, hakuuliza hiki chungu ni cha udongo gani, akafunga biti ya zege kwenye drili, akaacha swichi kwenye alama ya nyundo, ile ya kugonga huku inazunguka, akakandamiza. Sekunde nne. Kikapasuka kitako kwa nyufa tatu, mmoja ukapanda mpaka mdomoni. Halafu akataka elfu tano ya usumbufu! Mafundi, nawaheshimu, lakini kazi usiyoijua ikatae. Kusema "hii sijawahi" ni bure.

Cha tatu nilikitoboa mwenyewe, baada ya mzee mmoja fundi wa marumaru kunionea huruma akaniazima biti yake na kunielekeza. Nayaandika hapa ili asiingie mwingine kwenye shimo hili. Biti iwe ile ya duara yenye chembe za almasi mdomoni, yangu ilikuwa ya milimita 12. Kauri iliyochomwa kwenye tanuri la moto mkali, nyuzi 1,200 na kupanda, ni ngumu kuliko chuma cha biti ya kawaida, utaichoma biti bure. Nyundo ya drili ZIMA, mwendo wa taratibu. Chungu nikakipindua juu ya karai la mchanga mbichi ili kitako kiegemee sawasawa. Nikabandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi biti isiteleze, nikazungushia ukuta mdogo wa unga uliokandwa kama wa chapati, nikamimina maji ndani. Maji yanapoza biti na yanazuia vumbi, na vumbi la kauri ni adui wa mapafu. Drili yake ilikuwa ya betri. Ya waya wa umeme karibu na maji sikushauri.

Unaanza umeilaza biti kidogo mpaka ikate alama kama mwezi mchanga, ndipo unaisimamisha wima. Hukandamizi, unaiachia uzito wake tu. Maji yakageuka uji mweupe, nikayabadilisha mara tano au sita. Mwishoni sauti inabadilika, inakuwa nyembamba, hapo unapunguza hata ule mkono. Dakika 20 kwa tundu moja, kikadondoka kisahani kidogo kama kifungo cha shati. Nilitoboa mawili. Dakika 40, mgongo unauma, roho mkononi.

Na kinachonichoma hasa ni hiki. Tundu hilo hilo, udongo ungali mbichi, ni kazi ya kisu na sekunde chache. Japani kuna mji wa Tokoname unaojulikana kwa vyungu vya bonsai, na chungu cha bonsai cha kweli kinatoka kwa mfinyanzi na matundu yake mapana ya maji na vitundu vya kupitishia waya wa kushikia mti. Nisiende mbali. Mama mmoja mfinyanzi kule Newala nilimwagiza chungu cha maua, chungu cha udongo tu wa kuchomwa kwa kuni. Kitu cha kwanza kuniuliza: "Tundu nikuwekee wapi, mwanangu?" Sikumwambia mimi. Aliuliza yeye.

Wapo wanaojitetea kwamba wateja wanataka maji yasimwagike sakafuni. Sawa, basi kiite pambo la sebuleni, sema ndani yake mtu aweke chungu kingine chenye tundu. Usikiite cha bonsai. Neno hilo ndilo nililolilipia elfu 45 mara tatu.

Nilimtumia picha za mti na za nyufa nikaomba hela yangu. Akasoma, akaniziba namba.

Muuzaji, najua unapita humu kwa sababu ndimo unamotangaza. Nataka elfu 90 ya vyungu viwili na nauli yake. Mti huwezi kuulipa, sikuombi. Na kuanzia leo kila tangazo lako piga picha ya kitako. Wengine wa Lindi, Masasi, popote mliponunua kwake, msilipe kabla hajawatumia picha hiyo.

Picha za vitako vyote vitatu na za mizizi naziweka hapa chini jioni.