UITextView haina placeholder: maneno ya kijivu ya kuelekeza yanawekwaje?

uyole_kodi
Habari wakuu. Programu ya mabwana shamba wa Rungwe na Mbozi ina kisanduku kikubwa cha "Maelezo". Kikiwa kitupu kionyeshe kwa kijivu: "Andika zao, ekari na dalili ulizoona kwenye majani". Kwenye Android, `android:hint` imekubali ila maneno yanakaa katikati badala ya juu. Kwenye iPhone, UITextField (kisanduku cha mstari mmoja) ina `placeholder`, yaani maneno hayo ya kijivu, ila UITextView (cha mistari mingi) haina. Kuna wanaoshauri kuyaweka kama `text` ya kijivu kisha kuyafuta mtu akigusa. Ni salama?

fundi_simu_iringa
Hapana mkuu, achana nayo. Yakishaingia kwenye `text` ni data kama data nyingine. Bwana shamba akibonyeza Tuma bila kuandika, seva inapokea "Andika zao, ekari…" kama ripoti ya shamba.

Weka UILabel (lebo ya maandishi tu) ndani ya UITextView kwa `addSubview`. Watu wengi wanakosea nafasi: kwa kawaida `textContainerInset` ni 8 juu na chini, 0 pembeni, halafu `lineFragmentPadding` inaongeza 5 kila upande. Kwa hiyo lebo ianzie x 5, y 8, la sivyo herufi ya kwanza "itaruka" mtu akianza kuandika. Fonti iwe ileile, `numberOfLines = 0`, rangi `UIColor.placeholderText` (iOS 13 kwenda juu), inayojirekebisha hata simu ikiwa kwenye mandhari meusi. Upana ufunge kwenye `frameLayoutGuide`, toa 10. UITextView ni scroll view (inasogezwa juu na chini), kwa hiyo ukifunga lebo kwenye kingo zake za kawaida, sentensi ndefu haikunji mstari.

Kisha ndani ya `textViewDidChange`, inayoitwa kila mtu anapobadilisha maandishi:

`lebo.isHidden = !textView.text.isEmpty`

Usifiche kwenye `textViewDidBeginEditing`. Mtu akigusa tu, maelekezo yanatoweka kabla hajayasoma.

mwanjelwa_dev
Naongezea hapo. `textViewDidChange` haiitwi pale msimbo wenyewe unapojaza `text`. Mtu akifungua rasimu aliyoihifadhi, lebo inabaki juu ya maandishi yake, maneno yanapandana. Mstari huo wa `isHidden` uuite pia baada ya kupakia rasimu na baada ya kusafisha fomu.

Android ni fupi: `android:gravity="top|start"`, `inputType="textMultiLine"`, `minLines="4"`.

uyole_kodi
Nimewaelewa wakuu. Skrini moja ya iPhone imejengwa kwa SwiftUI (mfumo mwingine wa Apple wa kujenga skrini), nayo inafanywaje?

fundi_simu_iringa
Kama mnaanzia iOS 16, tumia `TextField("Andika zao…", text: $maelezo, axis: .vertical)` pamoja na `.lineLimit(4...8)`. Maneno ya kuelekeza yanakuja nayo. Chini ya hapo ni TextEditor (kisanduku cha mistari mingi cha SwiftUI) ndani ya `ZStack(alignment: .topLeading)`, inayopanga vitu kimoja juu ya kingine, na Text ya kijivu juu yake yenye `.allowsHitTesting(false)`, maana bila hiyo inaweza kumeza mguso na kibodi isifunguke.

Ila "ekari" kama ni lazima, iandike juu ya kisanduku, nje. Ya kijivu inatoweka kwenye herufi ya kwanza, na ndipo mtu anapoihitaji zaidi.