Ufadhili wa uzamivu kuhusu amani na maendeleo: nianzie wapi nikiwa Mombasa?

Mtafiti_Tudor

Salaam aleikum. Wenye kuzijua ruzuku za utafiti, naomba mwongozo. Nimesajiliwa uzamivu hapa Pwani, pendekezo limeshapita idarani, nyanjani bado. Mada ni amani na maendeleo: ugomvi wa wafugaji na wakulima katika delta ya Tana, pamoja na fidia za ardhi za bandari ya Lamu. Nafundisha kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Nikitafuta mtandaoni naletewa orodha za mashirika mia. Ni yapi hasa humlipa mwanafunzi aliye katika chuo cha Kenya, hulipia nini, na maombi huangukia wapi?

Maalim_Ganjoni

Aleikum salaam. Orodha hizo zinachosha kwa sababu zimechanganya pesa za aina tatu: za kusomea digrii, za kwenda nyanjani na za kukaa chini kuandika. Wewe unatafuta za nyanjani. Ukituma ombi kwenye mlango usio wako, halitasomwa hata likiwa zuri namna gani.

Anza na Social Science Research Council ya New York, baraza linalofadhili utafiti wa sayansi za jamii. Mpango wake wa zamani, Next Generation Social Sciences in Africa, uliofadhiliwa na Carnegie Corporation, sasa umerithiwa na African Peacebuilding and Developmental Dynamics, basi usome wito wa huu mpya. Ngazi za ule wa zamani zilikuwa tatu: hadi dola 3,000 kwa anayejenga pendekezo, hadi 15,000 kwa anayekwenda nyanjani, na hadi 15,000 kwa anayemalizia tasnifu. Ngazi ya katikati ndiyo yako. Sasa tazama masharti yalivyokuwa: uwe na uzamili, uwe raia na mkazi wa nchi ya Afrika kusini mwa Sahara, na uwe mwalimu wa chuo kikuu kinachotambulika. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi, maana kuwa mwanafunzi peke yake hakutoshi. Kwa mkataba wako wa muhula, pata barua ya mkuu wa idara inayotaja masomo unayofundisha, tangu lini, na kwamba nafasi yako ipo ukirudi kutoka nyanjani. Barua ya mistari miwili ya «anafahamika kwetu» haina uzito.

Usiuchanganye na African Peacebuilding Network, ambao ulikuwa wa nyumba hiyohiyo na ulianza mwaka 2012. Huo ulikuwa wa wanataaluma na watendaji wanaofanya utafiti wao wenyewe kuhusu ujenzi wa amani. Digrii haukugharimia.

Ukifika mwaka wa mwisho, ndipo uitazame Harry Frank Guggenheim Foundation. Tuzo yake kwa wanaomaliza tasnifu ni dola 25,000, haijali uraia wala chuo, na makataa yamezoeleka kuwa tarehe 1 Februari. Lakini ni pesa za kuandika: mwenye data nusu asijisumbue. Tena shauku yao ni vurugu zenyewe, chanzo chake na namna ya kuzizuia. Neno «maendeleo» kwao halikusaidii kitu.

CODESRIA ya Dakar, baraza la Afrika la utafiti wa sayansi za jamii lililoanzishwa 1973, ifuatilie kwa warsha za mbinu na uchapishaji zaidi kuliko kwa pesa. Hapa nyumbani kuna National Research Fund, mfuko wa serikali wa utafiti, ila wito wake hutegemea bajeti ya serikali, kwa hiyo usiufanye mguu pekee wa kusimamia.

Kongowea_Mchana

Na Rotary Peace Fellowship je? Naona Makerere wako nao.

Maalim_Ganjoni

Ni mpango mzuri, lakini haumhusu huyu ndugu. Rotary hulipia uzamili katika vyuo wanavyoshirikiana navyo, au kozi ya mwaka mmoja kama ile ya Makerere kwa watu wenye uzoefu wa miaka kadhaa kazini. Uzamivu haumo. Hali kadhalika United States Institute of Peace: ufadhili wake wa uzamivu ulikuwa wa waliosajiliwa vyuo vya Marekani tu, na mwaka 2025 karibu wafanyakazi wake wote wa makao makuu wakaachishwa kazi. Orodha nyingi za mtandaoni bado zinaitaja kana kwamba hakikutokea kitu.

Mkondo_wa_Mtwapa

Maalim kamaliza ya milango, mimi niseme ya andiko. Ndugu, hapo una tasnifu mbili zimefungwa kwa kamba ya neno «ardhi», na msomaji wa maombi ataiona hiyo kamba ukurasa wa kwanza. Halafu ukisema fidia za Lamu, eleza ni zipi. Kesi iliyovuma zaidi ilikuwa ya wavuvi: Mahakama Kuu mwaka 2018 iliwapa wavuvi wapatao 4,600 shilingi bilioni 1.76 kwa kupoteza maeneo yao ya kuvulia. Hiyo ni bahari, si mashamba. Wasomaji wa maombi huwa na mtu anayeijua kanda; kosa kama hilo litakuua.

Chagua Tana. Swali «nini chanzo cha migogoro» limeshajibiwa mara nyingi tangu mapigano ya 2012 na 2013, na jibu huwa lilelile: maji, malisho, siasa. Swali lenye pesa ni la kulinganisha. Vijiji viwili viko kando ya mto mmoja, vimepigwa na ukame mmoja, vyote vina malka za kupitishia mifugo kwenda kunywa. Kimoja kilipigana, cha pili hakikupigana. Kwa nini? Hapo ndipo unapoweza kuyapima mabaraza ya wazee, gasa ya Wapokomo (wakulima) na matadeda ya Waorma (wafugaji), yanapokaa pamoja: nani huitwa, faini hulipwa kwa nini, uamuzi hudumu misimu mingapi. Aya moja ya namna hiyo inashinda kurasa tatu za nadharia.

Na ratiba ifuate msimu. Ukiandika kwamba utahoji wafugaji deltani mwezi Mei, aliyewahi kufika Garsen wakati wa masika atacheka: njia za ndani zinakatika na mifugo imeshaondoka. Wakati wa kiangazi mifugo hushuka mtoni, na malka huonekana zikifanya kazi.

Kizingo_Hesabu

Bajeti. Kosa kubwa si kuomba nyingi, ni kuomba kidogo mahali pa kazi nzito. Chukua mahojiano 60 ya saa moja moja. Saa moja ya sauti hula saa tano za kunukuu, yaani kuyaandika yaliyosemwa, na hiyo ni kwa Kiswahili. Basi ni saa 300, yaani siku 38 za mtu mmoja anayefanya kazi saa nane. Ikiwa mazungumzo ni ya Kiorma au Kipokomo na yanatafsiriwa, ongeza karibu mara mbili. Wengi huandika «unukuzi: shilingi 20,000» kisha wanakwama na kanda ambazo hazijasikilizwa.

Dola nayo: 15,000 kwa kiwango cha 129 ni shilingi 1,935,000. Shilingi ikipanda asilimia tano umepoteza kama 97,000, ambayo huenda ndiyo nauli yako yote. Weka akiba ya asilimia tano, na uitaje wazi ikiwa mfadhili anaruhusu.

Wanaohojiwa warudishie nauli, na kiasi kiwe kimoja kwa wote. Ukilipa majibu utaletewa majibu.

Mtafiti_Tudor

Shukran sana wakubwa, Lamu nimeiacha. Mawili yamebaki: chuo kikidai asilimia yake kwenye ruzuku, nifanyeje? Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nikiombe kabla au baada ya kupata pesa?

Kizingo_Hesabu

La chuo limalize kwa maandishi kabla hujatuma ombi. Kuna wafadhili, Guggenheim mmojawapo, wasiolipa gharama za uendeshaji za taasisi. Chuo kikikata baadaye, kimekata nyanja yako. Uliza pia pesa zitapitia akaunti gani: ikiwa ni yako, jina la benki lilingane herufi kwa herufi na la pasipoti, la sivyo uhamisho unarudi.

Maalim_Ganjoni

Usingoje pesa. Mpangilio ni huu: kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza, kwa sababu NACOSTI wataidai barua yake, kisha NACOSTI mtandaoni. Kamati ndiyo huchelewesha, na mara nyingi hurudisha andiko kwa sababu ya fomu ya ridhaa iliyo kwa Kiingereza pekee. Peleka ya Kiswahili na ya lugha za wahojiwa, na ueleze utapokeaje ridhaa ya mdomo kwa asiyetaka kutia sahihi. Eleza sauti na majina vitahifadhiwa wapi na vitafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Kibali ni cha mwaka mmoja, basi usikichukue mapema mno kikaisha ukiwa bado Mombasa. Ombi la maadili lipeleke wiki hiyohiyo unayotuma la ufadhili. La NACOSTI, miezi miwili kabla ya safari. Kwenye fomu taja kila kaunti utakayokanyaga. Vijiji vingine unavyovihitaji vinaangukia upande wa Lamu, na ukiandika Tana River pekee utarudishwa. Ukifika Hola, makao makuu ya kaunti ya Tana River, ripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kumwona chifu yeyote, na ubebe nakala tano za kila barua.