Naomba ushauri: kipigo kionekane au kisikike tu?

Wadau, habari zenu. Naandika tamthilia ya vipindi sita kuhusu mke anayeteswa na mumewe, na nimekwama kipindi cha nne.

Vipindi vitatu vya mwanzo havina hata kofi moja. Mume anakagua simu, anashikilia kadi ya benki, anauliza kwa upole, "Umechelewa dakika kumi, ulikuwa na nani?" Nimefanya makusudi, maana ukatili mara nyingi huanza hivyo. England na Wales udhibiti wa namna hii ni kosa la jinai tangu 2015, hata asipopigwa mtu. Sasa mwongozaji anataka kipigo kionekane chote, damu na mayowe, eti bila hivyo watazamaji watachoka.

Nimejaribu kuliandika tukio kamera ikibaki nje ya chumba: mlango umefungwa, mtoto yuko sebuleni anaongeza sauti ya katuni. Mwigizaji wa kike amelipenda (yeye alishaomba kila pigo lipangwe hatua kwa hatua na apewe neno la kusimamisha kamera, na ana haki). Mwongozaji kalikataa.

Mwishoni mke anaondoka. Kuondoka ndio mara nyingi wakati wa hatari zaidi, kwa hiyo sitaki kumalizia na begi na muziki wa ushindi.

Mliowahi kuandika au kuigiza haya: kipigo kisipoonekana, uzito wake mnaubebesha wapi? Na hatari ya kuondoka mnaionyeshaje bila kumkatisha tamaa mtazamaji aliye kwenye hali hiyohiyo?