Nikishinda juani siku mbili tu, mdomo unatoka malengelenge pale pale. Ni jua au kinga imeshuka?

Mpimaji:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, na wenye ujuzi tafadhali msipite kimya.

Kazi yangu ni kupima ardhi, kutwa niko juani. Mwaka huu ni mara ya nne sasa: nikishinda juani siku mbili mfululizo, siku ya tatu au ya nne kona ya kushoto ya mdomo wa chini inaanza kuwasha na kuchonyota kama imepakwa pilipili. Jioni nikijitazama kwenye kioo naona kiuvimbe chekundu. Kesho yake ni vilengelenge vitano sita vimeshikana, vina maji. Vinapasuka, vinafanya gaga la rangi ya asali, na baada ya siku kumi hivi pamepona. Pale pale kila mara, hapasogei hata kidogo.

Nyumbani wananiambia kinga imeshuka. Nilikosa usingizi, nikaenda kupima VVU, sina. Sukari iko sawa. Sasa kama kinga yangu ni nzima, jua linaniangushaje? Na nina mtoto wa wiki tano, naogopa hata kumbusu.

Kijana Mkweli:
Pole mkuu. Mimi ningesema ukae juani zaidi mpaka pakauke, kwani jua linaua vijidudu. Hata hospitalini kuna taa za mionzi za kuua virusi.

Dada Zamu:
Kijana Mkweli, hapana ndugu yangu, hapo utamuumiza mwenzio. Taa unazosema hutumia mionzi ya urujuanimno (ile ya jua isiyoonekana kwa macho) aina ya C, na kirusi kinachokufa ni kile kilichokaa wazi juu ya meza au hewani. Mionzi hiyo ya jua haitufikii, tabaka la ozoni linaizuia. Inayotufikia ni aina ya A na kiasi cha B, na kirusi cha Mpimaji hakijakaa juu ya ngozi kikisubiri kuanikwa.

Mpimaji, maelezo yako yanafanana sana na hepesi ya mdomo, virusi vya hepesi aina ya kwanza. Usijione mwenye mkosi: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wanavyo, wengi walivipata utotoni na hawajui. Vikishaingia haviondoki. Vinapanda kwenye mshipa wa fahamu wa uso na kulala kwenye fundo lake ndani ya fuvu. Vikiamka, vinateremka kwa njia ile ile. Ndiyo maana ni kona ile ile.

Kuhusu mtoto, hofu yako ni ya haki. Kuanzia mwasho wa kwanza hadi gaga lidondoke na ngozi ifunge, usimbusu, nawa mikono kabla ya kumshika, usitumie naye kijiko wala taulo. Kwa mtoto mchanga hepesi inaweza kufika kwenye ubongo. Akipata homa, akikataa kunyonya au akitoka lengelenge lolote, usisubiri kukuche, mkimbize hospitali.

Darubini:
Naongezea kwenye lile swali la kinga, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kinga ya mwili mzima inaweza kuwa imara huku ya kipande kimoja cha ngozi imelegea kwa siku kadhaa.

Ndani ya ngozi kuna seli za ulinzi zenye matawi kama mizizi, seli za Langerhans. Mwanafunzi wa udaktari Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868, akadhani ni za neva. Kazi yake ni kunasa mgeni, kumpeleka kwenye tezi za limfu na kuamsha seli T, yaani askari wa kinga, zije kupigana. Sasa mionzi aina ya B ikipiga, mambo mawili yanatokea. DNA ya seli za ngozi inapata majeraha, na asidi ya urokaniki iliyo kwenye tabaka la juu inabadilika umbo. Yote mawili yanatoa ishara za kutuliza kinga. Walinzi wanapungua pale, na seli T za kudhibiti zinazozuia wenzake zisishambulie zinaongezeka. Nadhani mwili una sababu: ngozi iliyoungua ingeshambuliwa na kinga yake yenyewe, madhara yangezidi.

Margaret Kripke wa Marekani alilionyesha jambo hili miaka ya 1970 kwa panya. Uvimbe wa saratani uliosababishwa na mionzi, ukipandikizwa kwa panya wa kawaida, mwili wake uliukataa. Kwa panya aliyekwisha kupigwa na mionzi hiyo, ulikua.

Kwako, jua linafanya mawili kwa mpigo: linaamsha kirusi, na kinapofika mdomoni kinakuta lindo limepungua. Weusi wa ngozi unapunguza mionzi lakini hauizuii yote, na mdomo una melanini kidogo, yaani ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi.

Kijana Mkweli:
Nimeelewa, naomba radhi. Ina maana mafuta ya kuzuia jua yanasaidia au ni biashara tu?

Darubini:
Yanasaidia. Mwaka 1991 lilichapishwa jaribio la watu 38 wenye tatizo hili, wakapigwa mionzi kwa makusudi. Walipopakwa mafuta bandia yasiyo na kinga ya jua, 27 walitoka vidonda. Walipopakwa mafuta yenye kinga ya jua, hakuna aliyetoka. Ila hiyo ni maabara, huko nje jasho na maji ya kunywa huyafuta.

Dada Zamu:
Kwa hiyo mdomo upakwe mafuta yenye SPF 30 (kipimo cha kinga ya jua) au zaidi, urudiwe kila baada ya saa mbili na kila ukishakula. Kofia iwe ya ukingo mpana, na wingu lisikudanganye. Omba daktari akuandikie asiklovia, dawa ya hepesi, ukae nayo mfukoni, kwa sababu inafaa zaidi ikianzwa saa zile za mwasho. Ukiwa na kazi ndefu ya juani, muulize kama unaweza kuianza kabla. Jicho likiuma au kuwa jekundu wakati una kidonda, nenda siku hiyo hiyo. Na kidonda kikipita wiki mbili kisipone, kionwe, si kila kidonda cha mdomo ni hepesi.

Mpimaji:
Dada Zamu, Darubini, Mungu awabariki. Jumatatu naanza kipande kipya, siku tano uwanda mtupu. Kesho asubuhi naenda kwa daktari. Leo mdomo haujawasha, mtoto nimembusu unyayo.