Kipandauso kinanitesa, sijui tena nijikinge na nini

Subira_K: Wakuu, naombeni ushauri. Nina kipandauso cha miaka mingi: kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga siuwezi, harufu ya manukato tu inanitapisha. Karibu na hedhi ndiyo balaa. Nimeacha chokoleti na jibini, kahawa nikaikata ghafla, bado naumwa. Siku hizi nameza parasetamoli karibu kila siku ili nifike kazini. Mnaoishi na hali hii, mnafanyaje?

Mzee wa Kivuli: Pole sana dada. Anzia hapo kwenye dawa. Parasetamoli au ibuprofeni ukizitumia siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, zenyewe zinaleta maumivu ya kichwa. Triptani, zile dawa maalumu za kutuliza kipandauso, hata siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta hayo. Mimi nilipoziacha kichwa kiliuma zaidi kwanza, ndipo kikatulia, kwa hiyo usijaribu bila daktari. Muulize pia kuhusu dawa za kinga za kila siku, kama propranolo au amitriptilini. Kama una pumu mwambie mapema, propranolo haikufai.

Mama Nuru: Chokoleti usiihukumu haraka. Shambulio huanza saa nyingi kabla ya maumivu: miayo, shingo kukaza, hamu ya vitu vitamu. Huenda unaila kwa sababu kipandauso kimeshaingia! Kahawa ipunguze kidogo kidogo, kuikata ghafla nako kunaumiza kichwa. Mimi nimesaidiwa na daftari. Naandika saa ya kulala, mlo niliouruka, hedhi, msongo. Miaka yote nililaumu chakula, kumbe ni usingizi: nikilala kupita kiasi siku ya mapumziko, jioni naumwa.

Nesi wa Zamu: Subira, kabla ya maumivu huoni vimulimuli au mistari ya kupindapinda? Kama unaviona na unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwone daktari, kwani hatari ya kiharusi inaongezeka. Na maumivu makali yakilipuka ghafla, au yakija na homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Subira_K: Vimulimuli naviona, na vidonge natumia, ila sijui ni vya aina gani. Kesho naenda navyo kliniki. Asanteni mno. Mama Nuru, daftari uliliandika muda gani mpaka ukaona kitu?

Mama Nuru: Miezi kadhaa, mdogo wangu. Andika hata siku ambazo hukuumwa, bila hizo huna cha kulinganisha.